Kibao nilichomvalisha mwanafunzi wangu

Kilikuwa kibao cha mninga, kipana kama kiganja cha mtu mzima, chenye matundu mawili yaliyopitishwa kamba ya katani. Maandishi yake meupe yalisema, kwa Kiingereza, kwamba aliyekivaa ni mjinga kwa sababu amesema Kiswahili. Mimi nilikivaa mara ya kwanza mwaka 1998, wiki ya tatu ya kidato cha kwanza, kwa kosa la kumwuliza mwenzangu wa bwenini maji ya kuoga yanachotwa wapi.

Ambaye hakusoma shule za namna ile huenda akadhani adhabu yenyewe ni aibu ya kutembea na ubao shingoni. Aibu ilikuwepo, lakini ukali wa kibao ulikuwa kwingine. Ukishakivaa, njia ya kukivua ni moja tu: umnase mwenzako akisema Kiswahili, umvalishe yeye. Basi mwenye kibao aligeuka kuwa mvizia watu. Alisogelea makundi ya wanaocheka, alisimama nyuma ya mlango wa bafu, wengine walimkanyaga mtu makusudi ili alie kwa lugha yake. Jioni mstarini kibao kilifuatwa kinyumenyume, kutoka kwa wa mwisho kukivaa hadi wa kwanza, na mlolongo mzima ukaenda kufyeka nyasi. Nilikuwa na miaka 15. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa nimeshajua kinga yake: kutokusema kitu.

Kijiji chetu kipo tarafa ya Amani, wilaya ya Muheza, huko juu Usambara ya Mashariki ambako ukungu hukaa mpaka jua lipande sana. Nyumbani tulisema Kisambaa. Kiswahili nilikipata sawasawa darasa la kwanza, kwa hiyo Kiingereza kwangu ni lugha ya tatu. Na sitaki kusema uongo kwamba Kiswahili hakikuwahi kunionea. Nilipoteremka Tanga mjini kwa mara ya kwanza, watoto wa pwani walicheka lafudhi yangu ya milimani. Kiswahili nacho kina wenyewe, na kina namna yake ya kumwambia mtu kwamba wewe si wa hapa. Ila hakuna aliyenifunga ubao shingoni kwa sababu ya Kisambaa, na kabla ya darasa la tatu nilikuwa naota ndoto kwa Kiswahili.

Kilichonisaidia ni kwamba Kiswahili kilikuja na masomo ndani yake. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na kwa miaka saba mimi nilikuwa yule mtoto ambaye wenzake wanamfuata chini ya mwembe awaeleze hesabu za sehemu. Nilipenda sana sayansi. Nilijua usanisinuru, nilijua hewa ukaa, nilijua kwa nini majani ya mahindi yanageuka njano mbolea ikikosekana. Kisha likizo moja ya Desemba ikapita, nikaingia kidato cha kwanza, na vitu vyote nilivyovijua vikabadilishwa majina kwa siku moja. Nilikaa wiki nzima nikisikiliza somo la usanisinuru bila kutambua kwamba ni usanisinuru. Nilidhani ni kitu kipya. Nilinakili ubaoni herufi kwa herufi, kama mtu anayechora.

Darasani tulikuwa na wanafunzi wanne waliotoka shule za inglishi midiamu. Sikuwa na ugomvi nao wakati ule na sina sasa, lakini hebu niseme jinsi mambo yalivyokuwa. Mwalimu akiuliza swali alitazama upande wao. Walikuwa viranja ndani ya mwezi mmoja. Akija mgeni, wao ndio walioitwa kumpokea. Mmoja wao, kijana mpole tu, hakuwa na uwezo mkubwa wa hesabu, lakini akikosea jibu mwalimu alisema amejaribu vizuri. Mimi nikipata jibu na kulitamka vibaya, nilikuwa nimekosa.

Siku niliyonyamaza kabisa naikumbuka vizuri. Tuliambiwa kila mmoja aeleze habari za mzazi wake. Nikasimama, nikaanza kumweleza mama, na nikasema "my mother, he". Sisi kwetu ni yeye tu, awe mwanamume au mwanamke, na kichwa changu kilikuwa na kazi nyingi kiasi kwamba he ndiyo iliyotangulia. Darasa likalipuka. Mwalimu naye akacheka, akaniuliza kama mama yangu ana ndevu. Kuanzia siku ile hadi namaliza kidato cha nne, sikunyoosha mkono tena. Kwenye ripoti zangu waliandika kwamba ni mtulivu, ila sina ushirikiano darasani. Baba alikuwa ananiuliza maana ya neno ushirikiano pale, na mimi nilikosa la kumjibu, kwa sababu nyumbani nilikuwa na maneno mengi kuliko wadogo zangu wote.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2001 na kurudi kijijini kusubiri matokeo. Siku hizo Wafini walikuwa wameshazoeleka kwetu, maana nchi yao kwa miaka mingi ilisaidia kazi ya kuhifadhi misitu ya Usambara ya Mashariki, na Hifadhi ya Asilia ya Amani ilikuwa imetangazwa mwaka 1997. Mwanzoni mwa 2002 akaja mtafiti mmoja Mfini wa mambo ya miti, akatafuta mtu wa kumbebea vifaa na kumwonyesha njia. Baba yangu, aliyekuwa akilima iliki chini ya miti mikubwa kama wengi kule, akamwambia mchukue huyu, ana kidato cha nne.

Usiku ule sikulala. Milima niliijua, msitu niliujua, nilichoogopa ni yes na no. Siku mbili za kwanza hayo ndiyo maneno niliyoyasema.

Siku ya tatu tulifika kwenye msambu mkubwa. Kwa wasioujua: ni mti wa misitu yetu, matunda yake ni makubwa kama papai dogo, ya rangi ya kahawia, na mbegu zake zina mafuta mengi ambayo akina mama walikuwa wakipikia tangu zamani. Wataalamu wanauita Allanblackia stuhlmannii. Yule mtafiti aliujua kwa jina hilo, alijua urefu wake na unene wake. Akaniuliza watu wanajuaje kwamba tunda limekomaa, wanalichumaje kutoka kule juu? Nikatingisha kichwa. Akarudia, safari hii polepole, kisha akafanya jambo ambalo mwalimu wangu hata mmoja hakuwahi kulifanya. Alichuchumaa, akafungua daftari, akashika kalamu, akasubiri.

Hakunisaidia maneno wala kunimalizia sentensi. Alikuwa anataka kujua, na pale msituni hakukuwa na mwingine wa kumwuliza.

Nikaanza. Nilimwambia kwamba msambu hauchumwi. Tunda likikomaa linaanguka lenyewe, unaliokota chini, unayakusanya mahali pamoja na kuyafunika kwa majani mpaka nyama yake ioze na kulegea, ndipo unatoa mbegu, unazikausha, unazitwanga, unazichemsha na kuengua mafuta. Nilisema yote haya kwa Kiingereza ambacho mwalimu wangu angekichora mistari myekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Neno la kuoza sikuwa nalo, nikaziba pua. Neno la kutwanga sikuwa nalo, nikatwanga hewa. Yeye akaandika. Akauliza tena, nikajibu tena, nikakosea, akauliza kwa namna nyingine. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Tuliponyanyuka nilikuwa nimetokwa jasho kama mtu aliyepanda kilele, na ndipo nilipotambua kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimefikiria Kiingereza hata kidogo. Nilikuwa nafikiria msambu.

Jioni tukiwa tunakunywa chai akaanza kunieleza habari za binti yake. Akasema binti yake anasoma, tena "he is very clever". Nikageuka haraka kutazama kama kuna mtu amesikia. Nilikuwa nasubiri kicheko. Akaona mshtuko wangu, akauliza kuna nini, na kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza nikamsimulia mtu habari ya mama yangu na ndevu zake.

Hakucheka. Alinieleza kwamba kwa Kifini neno ni moja tu, hän, kwa mwanamume na kwa mwanamke, na kwamba yeye tangu utoto wake hadi ule uzee alikuwa bado anachanganya he na she akichoka. Tena akasema lugha yao haina vile vijineno vya a na the vinavyotusumbua sisi, na kwamba navyo huvikosea kila siku.

Nimelifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka 20. Kosa lilikuwa lile lile, neno kwa neno. Sababu yake ilikuwa ile ile, kwamba lugha zetu za nyumbani hazitenganishi jinsi katika neno yeye. Lakini yeye alikuwa akiingia ofisini na kosa lake, watu wanasimama, wanatikisa vichwa kuonyesha wameelewa, wanaandika anachosema. Mimi niliketi na kosa langu miaka minne bila kufungua mdomo. Hapo nikaelewa kwamba mle darasani sarufi ilikuwa sehemu ndogo ya kilichopimwa. Kilichopimwa ni nani anasema.

Simfanyi yule Mfini malaika. Daftari lilikuwa lake na aliondoka nalo. Milimani kwetu mambo hayo yana historia ndefu. Lipo ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu, ambalo bibi zetu walilipita maisha yao yote wakienda kutafuta kuni. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na mwaka uliofuata ua likapewa jina la Saintpaulia. Leo linapambwa madirishani dunia nzima kwa jina la aliyepeleka mbegu. Ninachosema ni kwamba kwa wiki saba za mwaka 2002 mimi nilikuwa mtu mwenye jambo la kusema, na Kiingereza kilinijia kumfuata mtu huyo. Matokeo yalipotoka na nikaenda kidato cha tano, sikuwa tena yule mtulivu.

Mwaka 2007, nikiwa chuo kikuu nasomea ualimu, tulipewa kusoma utafiti wa Bonny Norton, msomi wa mambo ya kujifunza lugha, uliochapishwa mwaka 1995, kuhusu wanawake watano wahamiaji waliokuwa wakijifunza Kiingereza nchini Kanada. Mmoja wao, kutoka Ulaya ya mashariki, aliogopa sana kuzungumza kwenye simu. Lakini mwenye nyumba alipodai kwamba familia yake imevunja mkataba na lazima ilipe kodi, mama yule alibishana naye kwenye simu zaidi ya saa moja, na baadaye akasema hakuwaza kanuni za nyakati za vitenzi. Alikuwa mama, na familia ilimtegemea yeye kupambana. Mwingine alifanya kazi mgahawani, akaachiwa kazi nzito za usafi ambazo mtu huzifanya peke yake, na wenzake hawakumsemesha. Kiingereza alikuwa amezungukwa nacho, lakini hakuna aliyempa cha kujibu. Norton alikataa lile jibu jepesi la walimu kwamba mwanafunzi anayenyamaza hana hamu ya kujifunza. Yeye alizungumzia uwekezaji: mtu hutia nguvu zake katika lugha akiona itamfikisha mahali, na wenye lugha ndio wanaoamua mara nyingi kama atasikilizwa. Nilisoma kurasa zile nikiwa nimekaa ngazini nje ya maktaba, na niliposoma habari za simu nikauona msambu.

Kwa hiyo nilijua. Hili ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimevaa kibao, nilikuwa nimekaa chini ya msambu, nilikuwa nimesoma na utafiti wenyewe. Na bado, mwaka 2011, nikiwa mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya kata, nilimvalisha mtoto wa watu kibao.

Shule ilikuwa na kanuni hiyo na mkuu wa taaluma alikuwa amesema matokeo mabaya yanatokana na watoto kusema Kiswahili. Kulikuwa na zamu, na wiki ile zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimetoka kufundisha kidato cha pili somo la osmosisi, yaani jinsi maji yanavyopita kwenye utando wa seli kutoka kwenye mchanganyiko hafifu kwenda kwenye mzito. Nilifundisha dakika 80 kwa Kiingereza kitupu. Walinitazama, wakanakili, nikauliza kama wameelewa, wakaitikia kwa pamoja kwamba ndiyo, ile ndiyo ya kuimba ambayo kila mwalimu wa nchi hii anaijua na kila mwalimu anajifanya kuiamini.

Wakati wa mapumziko nikapita nyuma ya darasa. Msichana mmoja, ambaye darasani hakuwahi kusema neno, alikuwa amekaa na mwenzake kwenye tofali. Alikuwa akisema: "Si ni kama kachumbari? Ukikata vitunguu ukatia chumvi, hujaweka maji, lakini ukirudi unakuta bakuli lina maji. Yametoka ndani ya kitunguu. Sasa mwalimu anasema—"

Nikatokea. Akaniona, akasimama, akaweka mikono nyuma. Nikakivua kibao kwa mtu aliyekuwa nacho, nikamvalisha yeye.

Alichokuwa akieleza ndicho nilichoshindwa kukieleza kwa dakika 80. Mfano wa kachumbari sikuwa nao, sikuufikiria, haukuwa kwenye kitabu. Nilijua palepale kwamba amepatia. Nikamwambia, kwa Kiingereza, kwamba kanuni ni kanuni. Mwenzake, aliyekuwa anaanza kuelewa, akafunga daftari.

Nilijitetea kwa muda mrefu kwamba nilikuwa nafuata utaratibu, na ni kweli utaratibu huu haukuanza na mimi. Tume ya Rais ya Elimu iliyotoa ripoti yake mwaka 1982, ile inayojulikana kama Tume ya Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985, serikali ikakataa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote, lakini mtihani uliokuja mezani kwa wanafunzi wangu uliendelea kuwa wa Kiingereza. Yote hayo ni kweli, lakini mkono uliomvalisha ulikuwa wangu.

Nilianza kubadilika baada ya hapo, na nasema kuanza kwa sababu ilichukua karibu miaka miwili. Kibao nilikiomba kwenye kikao cha walimu nikakifungia kabatini. Darasani nikaanza kuwaacha wabishane kwanza kwa Kiswahili katika makundi, na wengine kwa Kisambaa au Kibondei, mpaka jambo lenyewe likae. Ndipo tunakaa pamoja kulitafutia sentensi za Kiingereza. Nikawapeleka msituni. Nilimpa kila mmoja mti au mmea wa nyumbani kwao awe ndiye mwenyewe, aulizwe na darasa zima kwa Kiingereza, na mimi nikiwemo kati ya wanaouliza kwa sababu kweli sijui kila kitu kinachopikwa au kutibiwa kule. Kuchekana kwa he na she nilikupiga marufuku kwa sauti kubwa.

Si kila mtu alifurahi. Mama mmoja, muuza ndizi, alikuja ofisini amevaa khanga yake nzuri, akanisalimia kwa heshima, kisha akaniambia: "Mwalimu, nasikia unawafundisha Kiswahili. Wewe umeshavuka, Kiingereza unacho. Usituvutie mtumbwi upande wako, sisi bado tuko ng'ambo hii." Nilimwonyesha madaftari, nikamweleza kwamba wanafika kwenye Kiingereza wakiwa na kitu cha kusema. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliondoka bila kusema kama nimemridhisha, na sidhani nilimridhisha. Alikuwa na haki. Usaili wa kazi mjini unafanywa kwa lugha ile, na mtoto wa waziri anaijua tangu chekechea. Kila ninapowasikia wasomi wenzangu wakisema Kiingereza si kitu, wakisema hivyo huku watoto wao wako inglishi midiamu, namkumbuka mama yule na mtumbwi wake.

Yule msichana wa kachumbari alimaliza kidato cha nne bila kufaulu. Sijiambii kwamba kibao peke yake kilimwangusha, maana nyumbani kwao palikuwa na shida nyingi na walimu wa hisabati hatukuwa nao kwa mwaka mzima. Lakini baada ya siku ile sikumsikia tena akimweleza mtu chochote, wala kwa lugha yoyote, na hilo nalijua kwa sababu nilikuwa nategesha sikio.

Mwaka 2019 nilimkuta sokoni Muheza, ana meza ya mboga, mtoto mgongoni. Akanipa shikamoo, akanichagulia fungu zuri. Nikamwambia kwamba nina jambo nimekaa nalo miaka minane, kwamba siku ile nilimkosea, kwamba alikuwa amepatia na mimi nilijua amepatia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake au hasira yake.

Alikuwa ameshika kopo la maji, ananyunyizia mchicha uliosinyaa kwa jua. Akafikiri kidogo.

"Kibao hata sikikumbuki sana, mwalimu," akasema. "Nilikivaa mara nyingi. Mimi ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa sijamaliza. Nilitaka kumwambia na upande wa pili." Akauinua mchicha, akautikisa. "Kwamba ukiutilia maji matupu, yanaingia ndani, unasimama tena."